Baba kapimwa "hana", mtoto ana selimundu: muuguzi aseme nini?

SWALI: Shikamoo mwalimu. Mimi ni muuguzi, nina miaka miwili kazini, niko zahanati ya kijijini huku Kanda ya Ziwa. Kuna mama anakuja kliniki na mtoto wa mwaka na miezi minane, alipimwa hospitali ya wilaya wakaandika ana selimundu, SS. Baba naye akaenda kupima sehemu nyingine akarudi na karatasi imeandikwa negativu. Sasa mama mkwe anasema kwenye ukoo wao hakuna ugonjwa huo, kauleta mwanamke, na mume kaanza kuuliza maswali mabaya. Huyo mama ana mimba ya miezi mitano. Kaniuliza mambo mawili, je ni kweli damu zao haziendani, na je huyu wa tumboni si atakuwa mzima kwa vile mmoja ameshapata? Nilikosa la kumjibu nikamwambia arudi Alhamisi. Nimwambie nini?

JIBU: Marahaba mdogo wangu. Kwanza hongera kwa kumwambia arudi Alhamisi. Sikupambi, wengi wetu tukikosa jibu tunabuni palepale, na kwenye mambo ya kurithi neno la nesi linafika nyumbani kabla ya mgonjwa mwenyewe, likishafika kulirudisha ni kazi.

Nianze na swali lake la pili, la mtoto wa tumboni, kwa sababu hapo ndo mimi mwenyewe niliwahi kumkosea mtu na mpaka leo linaniuma. Nilikuwa na miaka minne kazini, wodi ya watoto, mama mmoja mtoto wake kagundulika SS, nikakaa naye vizuri tu nikamwambia kama nilivyofundishwa chuoni, kwamba nyie wazazi wote mna jeni moja moja ya selimundu, kwahiyo kwenye watoto wanne mmoja anapata ugonjwa. Akaitikia, akashukuru, akaondoka. Imepita kama miaka mitatu nikamkuta tena wodini, ana mtoto mwingine mapajani, wa miezi tisa, vidole vya mikono na miguu vimevimba vinang'aa, ukigusa tu analia mpaka sauti inapotea. Mama akaniangalia bila hasira yoyote akasema, "Sista, si ulisema mmoja kati ya wanne? Mimi wangu wa kwanza ndo alikuwa huyo mmoja, nikajua wanaofuata watatu ni wazima."

Yule mama hakukosea hesabu, alipiga hesabu sawasawa kabisa kwa maneno niliyompa mimi. Maneno ndo yalikuwa mabovu. Tangu siku hiyo sisemi tena "mmoja kati ya wanne" nikaishia hapo, na wewe nakuomba usiseme. Sema hivi: kila mimba inaanza upya. Mimba haijui aliyetangulia alikuwa nani.

Na usiishie kusema, muonyeshe. Mi natumia vikombe viwili vya chai na maharage. Kikombe cha mama natia haragwe moja jekundu na moja jeupe, cha baba hivyohivyo. Jekundu ndo jeni yenye selimundu, jeupe ni jeni nzima. Kisha namwambia mama afumbe macho achukue moja huku na moja kule aniwekee mezani, huyo ni mtoto. Akipata meupe mawili mtoto ni AA, hana kitu kabisa. Jeupe na jekundu ni AS, amebeba lakini haumwi. Mekundu mawili, SS. Alafu, na hapa usiharakishe mdogo wangu, mwambie arudishe maharage kwenye vikombe, kila moja kikombe chake. Hapo kwenye kurudisha ndo somo lote lilipo. Aone kwa mikono yake kwamba mtoto wa kwanza akishazaliwa vikombe vimejaa tena vilevile, hakuna kilichopungua, jekundu halijatumika likaisha. Arudie mara kumi. Nimeshaona mekundu mawili yakitoka mara tatu mfululizo na mama akashika mdomo, na nimeona mama mwingine akatoa kumi bila hata mara moja, wote wawili wakaelewa kuliko ningehubiri saa nzima.

Ukitaka namba za kwako mwenyewe, sio za kumpa yeye siku ya kwanza: wazazi wote wakiwa AS, kila mimba ni asilimia 25 SS, asilimia 50 AS, asilimia 25 AA. Sasa chukua familia 100 za namna hiyo zenye watoto wanne wanne. Kama 32 hivi hazitapata mtoto mgonjwa hata mmoja, kama 42 zitapata mmoja, na zilizobaki, yani kama 26, watakuwa na wawili au zaidi. Unaona ile "mmoja kati ya wanne" inatimia kamili kwa chini ya nusu ya familia? Wengine wote watatuona waongo.

Sasa "damu haziendani". Hili neno limezagaa kila mahali na limevunja ndoa nyingi, na sababu mojawapo ni sisi wenyewe tunalitumia kivivu. Watu wamechanganya vitu viwili. Kuna group la damu, lile la A, B, O na rhesus, ambalo kwenye kadi ya kliniki linaandikwa "O+" au vyovyote. Hapo kweli kuna mahali damu ya mama na ya mtoto zinaweza kupishana, mama akiwa rhesus negativu na mtoto kachukua pozitivu ya baba, na mama anahitaji sindano ya anti-D ili mimba zinazofuata zisipate shida. Hilo halihusiani kabisa na selimundu. Selimundu iko kwenye himoglobini, kile kitu chekundu ndani ya chembe ya damu kinachobeba oksijeni. Jeni inayotoa maelekezo ya kuitengeneza iko kwenye kromosomu ya 11, na kwenye maelekezo marefu yote yale kumebadilika herufi moja tu. Moja. Kwa herufi hiyo himoglobini ikikosa oksijeni inashikana yenyewe kwa yenyewe kama nyuzi, chembe inajikunja kama mundu, inaziba mishipa midogo, na inavunjika mapema ndo maana macho yanakuwa ya njano na damu inapungua kila mara.

Kwahiyo huyo mama na mumewe ukimuuliza mtu anayejua atakwambia damu zao zinafanana, hazijagombana hata kidogo. Wamekutana wawili waliobeba kitu kilekile.

Hapo tunaingia kwenye ile karatasi ya baba, na hapa naomba uwe makini kuliko sehemu nyingine yoyote ya barua hii, kwa sababu mtu akisoma haraka haraka anafika mahali pabaya: mtoto ni SS, jekundu moja lazima litoke kwa baba, baba "hana", basi... Tayari wameshafika huko nyumbani kwao. Wewe usiende huko. Nenda kwanza kwenye karatasi.

Kwanza ni kipimo gani? Huku vijijini mara nyingi ni kile cha sikling, tone la damu kwenye kioo linachanganywa na kemikali ya kuondoa oksijeni, sodiamu metabisalfaiti, kisha mtu wa maabara anaangalia kwenye hadubini kama chembe zinajikunja. Kemikali hiyo inatakiwa iwe imetengenezwa karibuni, ikikaa inapoteza nguvu. Aliyebeba AS chembe zake zinachukua muda kujikunja, mtu mwenye foleni ya wagonjwa hamsini nje akichungulia mapema akaandika hakuna, karatasi inatoka negativu na mtu ni AS. Sio mara moja wala mbili. Na hata kikitoka pozitivu kipimo hicho hakiwezi kukwambia huyu ni AS au SS, vyote anavikuta vimejikunja. Kwahiyo sikling haitoshi kumwambia mtu yeyote habari za urithi, iwe ndiyo au hapana. Kipimo cha kuongea nacho ni kile kinachotenganisha himoglobini, elektroforesisi au mashine ya HPLC, ziko hospitali kubwa. Sa hivi kuna na vipimo vya haraka vya kuchoma kidole kama HemoTypeSC na Sickle SCAN, ndani ya dakika chache vinasema AA, AS au SS, ulizia wilayani kwenu kama vimefika.

Pili, muulize baba kwa upole kama ameongezewa damu miezi mitatu iliyopita. Ajali ya bodaboda, upasuaji, chochote. Damu ya mtu mwingine mwilini inaharibu majibu.

Tatu, kuna kitu kinaitwa beta thalasemia. Mtu anaweza kubeba jeni ya beta, ileile ya himoglobini, iliyolegea au isiyofanya kazi kabisa, ukimpima selimundu hana, kwa sababu kweli hana S. Mtoto akichukua S ya mama na hiyo ya baba isiyotengeneza chochote, kwenye kipimo inaonekana S bila A, na maabara wanaandika SS. Mtoto anaumwa kama SS na anatibiwa kama SS. Baba ni wake halali na karatasi yake haikudanganya. Huku kwetu ni nadra kuliko AS ya kawaida lakini ipo.

Nne, na hili nimeliona kwa macho yangu, ile negativu inaweza kuwa sio ya selimundu kabisa. Mwanaume alienda akasema "nataka kupima damu", wakampima group, karatasi ikaandikwa "O rhesus negativu", akarudi nyumbani anatembea nayo kama hati ya mahakama. Miezi mitano mke alikaa kwao kwa karatasi ile.

Na kama umepita kote huko, kipimo kizuri kimefanyika, baba kweli AA na thalasemia hana? Basi hapo unajua kitu ambacho si chako kukisema. Hukuombwa kupima uzazi, ulikuwa unapima ugonjwa. Ndo maana ushauri nasaha unafanyika kabla ya kipimo, sio baada. Kabla hujampeleka baba kupimwa upya kaa na mama peke yake, mlango umefungwa, umueleze kipimo kinaweza kuonyesha nini na nini, alafu muulize anataka iendelee au la. Ni haki yake kujua mapema. Majibu ya kila mtu anapewa mwenyewe, ya mke hayapitii kwa mume wala ya mume kwa mke bila ruhusa, na mama mkwe hapewi ya yeyote. Nimefundisha wauguzi miaka mingi na hapa ndo nakuwa mkali, maana mwanamke anaweza kupigwa usiku huohuo kwa sentensi uliyoitamka wewe mchana ukidhani unasaidia.

Lakini mama mkwe usimkimbie. Najua wengi wangekwambia achana naye, mi nasema muite, siku nyingine, baada ya kuongea na wanandoa na wao wakubali. Yeye ndo anayeamua mtoto akichemka usiku apelekwe hospitali au achanjwe chale tumboni. Mpokee kwa heshima, shikamoo mama, kiti, umuulize yeye ameona nini kwa watoto na wajukuu zake. Utashangaa. Mara nyingi katikati ya mazungumzo anakumbuka mtoto wa shemeji yake aliyekuwa na macho ya njano akafariki na miaka mitatu, walisema ni bandama, au walisema karogwa. Ukoo "usiokuwa nao" unaanza kuonekana.

Umueleze pia kwamba kubeba AS sio uchafu wala laana na huku ziwani ni kitu cha kawaida sana, karibu mtu mmoja kati ya watano amebeba. Kuna daktari alikulia Kenya anaitwa Anthony Allison, mwaka 1949 alizunguka Kenya akipima watu damu, akakuta pwani na kandokando ya Ziwa Victoria waliobeba wanazidi asilimia 20, huku wale wa nyanda za juu hawafiki hata asilimia 1. Akajiuliza kwa nini, na jibu alilolichapisha mwaka 1954 ni mbu. Penye malaria nyingi mtoto wa AS ana kinga dhidi ya malaria kali, yule aliyekuwa anakufa ni AA, kwahiyo vizazi na vizazi waliobaki hai kuzaa ni wengi wenye AS. Yani hiyo jeni ndo iliyowafikisha mababu wa mama mkwe na mababu wa mkwewe hapa ziwani wakiwa hai. Mi nikimwambia bibi hivyo huwa ananyamaza kidogo kisha anauliza, "Kumbe na mimi ninayo?" Inawezekana bibi. Mwaka huohuo wa 1949, James Neel kule Marekani alithibitisha kwamba ugonjwa wenyewe lazima utoke kwa wazazi wote wawili, kwahiyo habari ya "kauleta mwanamke" ilishafungwa zamani.

Tahadhari moja lakini, kinga hiyo ni ya malaria kali na ni ya AS tu. Mama huyo wa kliniki, hata kama ni AS, bado anaugua malaria, asiache SP, vile vidonge vya kuzuia malaria kwenye mimba, wala chandarua kwa kudhani jeni itamlinda. Na mtoto wa SS malaria inamuua haraka kuliko mtoto yeyote.

Unaweza kuniuliza, mwalimu hakuna kabisa ugonjwa unaotoka kwa mama? Upo, na ni vizuri ujue tofauti ili usije ukasema "magonjwa yote ya kurithi yanatoka pande zote". Upungufu wa G6PD, kimeng'enya kinacholinda chembe nyekundu, jeni yake iko kwenye kromosomu X. Mtoto wa kiume ana X moja tu na ameipata kwa mama, kwahiyo mama aliyebeba, mzima kabisa, anaweza kumpa mwanae, na kila mtoto wa kiume ana nafasi nusu kwa nusu. Na hata huo hamna wa kulaumiwa, hakuna aliyechagua jeni. Kwako wewe muuguzi faida yake ni kazini, mtoto mchanga wa kiume akipata manjano kali uliza kama nguo zake zilihifadhiwa na vile vidonge vyeupe vya sandukuni, naftalini, kwa mwenye upungufu huo inavunja damu vibaya mno. Na dawa kama dapsoni, primakwini na nitrofurantoini, kabla hujatoa uliza kama kuna wa nyumbani aliwahi kukojoa mkojo mweusi kama kola baada ya dawa. Ualbino kwa upande mwingine unarithiwa kama selimundu, mekundu mawili kutoka pande zote, ndo maana wazazi weusi tii wanazaa mtoto mwenye ualbino, na mama wa watoto hao nao wametukanwa vilevile miaka yote.

Turudi kwa mtoto wako. Kuna swali mama hajakuuliza ila atakuuliza: mbona mtoto wa jirani ana SS na anacheza mpira, wa kwangu kila mwezi kalazwa? Hapa ndo watu wanadhani wamerogwa. Herufi iliyobadilika ni ileile, lakini mtu haundwi na jeni moja. Mtoto akiwa tumboni anatumia himoglobini ya kichanga, F, ambayo haijikunji. Ndo maana SS anazaliwa mzuri tu, shida zinaanza miezi minne, mitano, sita, F inaposhuka. Kuna watu F yao haishuki sana kwa sababu ya jeni nyingine walizorithi kando, hao wanaugua kidogo. Wenye selimundu wa mashariki ya Saudi Arabia na India wengi wana F nyingi, sisi huku aina yetu, ile inayoitwa ya Kibantu, F ni ndogo na ugonjwa unakuwa mkali. Na anayerithi alfa thalasemia, hitilafu kwenye jeni nyingine ya himoglobini, pamoja na SS, damu yake inavunjika polepole kidogo.

Na hii sio nadharia ya darasani tu, maana dawa ya haidroksiyurea inachofanya zaidi ni kuirudisha hiyo F. Kuna utafiti unaitwa REACH, ulifanyika Angola, Kongo, Kenya pale Kilifi na Uganda pale Mbale, watoto zaidi ya 600, majibu yakachapishwa 2019: maumivu yalipungua, kuongezewa damu kulipungua, malaria ilipungua, vifo vilipungua. Huyo mtoto ana mwaka na miezi minane, anafaa kabisa kuangaliwa kwa ajili ya dawa hiyo, muandikie rufaa ya kliniki ya selimundu usisubiri awe hoi. Nchi yetu Tanzania inakadiriwa kuzaa watoto 11,000 wa selimundu kila mwaka, ni kati ya nchi zinazoongoza duniani, na wengi wanafariki kabla ya miaka mitano bila hata kupimwa. Huyu wako kapimwa, tayari ana bahati ambayo wenzake hawakuipata, tusiiharibu kwa kukaa tunajadili ukoo.

Kwahiyo Alhamisi, kabla ya vikombe na maharage, mshike mtoto kwanza. Uliza penisilini V anapata? Chini ya miaka mitatu ni miligramu 125 mara mbili kwa siku, akifika miaka mitatu inakuwa 250, mpaka atimize mitano, kila siku hata akiwa mzima anaruka ruka. Foliki asidi. Kinga ya malaria. Chanjo zote na hasa ya nimokokasi, bakteria wa nimonia, angalia kadi mwenyewe usimuulize mama tu. Mwambie joto likipanda nyuzi 38 hivi sio la kumpa panado akasubiri asubuhi, ni safari.

Na mfundishe bandama. Mlaze mtoto mapajani mwake, chukua vidole vya mama, sio vyako, viweke tumboni kushoto chini kabisa karibu na nyonga kisha vipande polepole kuelekea mbavu. Akikuta kitu kigumu kama ukingo wa chapati nene, mpimie kwa vidole vyake, ni vidole viwili chini ya mbavu, vitatu? Aandike au akumbuke. Kila anapomuogesha anagusa. Siku akikuta imeshuka ghafla, mtoto kapauka midomo na viganja, analegea, asimalize hata kumvalisha nguo, damu inakuwa imekimbilia kwenye bandama na mtoto anaweza kufa ndani ya saa chache. Hiyo ndo hali ambayo wazee walikuwa wanachanja chale, kwahiyo mama mkwe anaijua, ila kwa jina lingine. Mwambie alikuwa sahihi kuiogopa, kilichobadilika ni mahali pa kukimbilia tu.

Huyu wa tumboni, mama asidanganywe kwamba ni mzima na asitishwe kwamba ni mgonjwa. Baba akithibitika AS, ni vikombe vilevile. Andika kwenye kadi yake ya kliniki kwamba mtoto apimwe mara tu akizaliwa, tone la kisigino, kwa kipimo cha kutenganisha himoglobini. Asije mtu akampima sikling akiwa na mwezi mmoja akamwambia mama "hana", umri huo bado ana F nyingi na majibu ya sikling hayana maana. Akiwa SS aanze penisilini kabla ya kutimiza miezi miwili, kabla hata dalili ya kwanza.

Mama akirudi, muombe aje na karatasi ile ya baba, yenyewe sio picha ya nusu kwenye simu. Usisome kwanza neno negativu. Soma juu yake, palipoandikwa jina la kipimo, na tarehe, kisha niandikie umekuta nini.